Rumonge: Kalamu isitangulie hesabu

MTOTO aliyezaliwa mjini Rumonge mwaka 2010 hajahama nyumba ya wazazi wake hata siku moja, lakini tayari amekwisha kuishi katika mikoa mitatu. Alizaliwa mkoa wa Bururi. Machi 2015, akiwa na miaka mitano, akaambiwa yuko mkoa wa Rumonge. Mwaka 2025, akiwa na miaka kumi na mitano, akaambiwa sasa yuko mkoa wa Burunga, na makao makuu ya mkoa wake yako Makamba.

Ziwa Tanganyika ni lile lile. Michikichi ni ile ile. Mukeke na dagaa wanauzwa kwenye mwalo ule ule. Kilichobadilika ni karatasi.

Wapo watakaosema karatasi si kitu, kwamba mwananchi anataka chakula, dawa na amani, na kwamba jina la mkoa halijazi sufuria. Sisi hatukubaliani nao. Karatasi hizo ndizo zinazoamua mwananchi atashitaki wapi, atasaini wapi hati ya shamba lake, mgonjwa wake atapelekwa hospitali gani na fedha za barabara zitaanza kumwagwa upande upi. Ndiyo maana leo tunaandika juu ya mji mmoja tu, mji mdogo wa mwambao, ambao katika miaka kumi ulipandishwa cheo kisha ukashushwa, na mara zote mbili bila watu wake kuhesabiwa upya.

Tuanze na yanayojulikana. Machi 2015 Rumonge ulifanywa makao makuu ya mkoa mpya, mkoa wa kumi na nane wa Burundi. Mkoa huo ulikatwa kutoka Bururi na kutoka mkoa wa Bujumbura Vijijini. Wakazi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kwa miaka mingi mji wenye bandari, soko, mawese na samaki ulikuwa ukiongozwa kutoka Bururi, mji wa milimani ambao ni mdogo kuliko wao. Kila jambo kubwa lilikuwa linapandishwa mlimani, na jibu lilishuka lilipopenda.

Machi 2023 ikapitishwa sheria mpya ya kugawa nchi. Mikoa 18 ikawa 5: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega. Tarafa, au komini kama tunavyozoea kuziita, zilikuwa 119 zikawa 42. Mpango huo ulianza kufanya kazi na uchaguzi wa Juni 2025. Bururi, Makamba, Rumonge na Rutana ziliunganishwa kuwa Burunga, makao makuu yakawekwa Makamba, na Rumonge ukarudi kuwa makao ya tarafa.

Kwa hiyo Rumonge ulikuwa mji mkuu wa mkoa kwa miaka kumi tu. Hata miaka hiyo kumi haikuwa ya kawaida. Mkoa ulizaliwa Machi 2015, na mwezi uliofuata nchi ikaingia katika mgogoro wa muhula wa tatu. Wakati ofisi mpya zinatafutiwa meza na viti, maelfu ya watu wa kusini walikuwa wanaelekea mpakani. Tunawakumbuka waliorundikana ufukweni Kagunga, upande wa Tanzania, Mei 2015, kipindupindu kikiwa katikati yao, wakingoja meli kongwe ya MV Liemba iwafikishe Kigoma. Baadhi ya wanaosoma ukurasa huu walikuwa kwenye ufukwe ule.

Tunayasema haya ili tufike kwenye hesabu, maana hapo ndipo penye hoja yetu.

Burundi huru imehesabu watu wake mara chache: 1979, 1990, 2008 na 2024. Katika sensa ya Agosti 2008 nchi nzima ilikuwa na watu zaidi kidogo ya milioni 8. Mji wa Bujumbura ulikuwa na karibu watu 497,000. Gitega ulifuata kwa mbali sana ukiwa na karibu 42,000, kisha Ngozi karibu 40,000. Wa nne ulikuwa Rumonge, karibu 36,000.

Wa nne, ndugu msomaji. Rumonge ulizidi Bururi, ulizidi Makamba, ulizidi Muyinga, Kayanza na Ruyigi. Huo ndio mji uliokuwa ukiitwa tarafa tu wakati miji midogo kuliko wenyewe ilikuwa na magavana, na huo ndio mji unaoitwa tarafa tena leo.

Sensa iliyofuata ilifanyika Agosti na Septemba 2024, ikaonyesha nchi imevuka watu milioni 12. Sasa wekeni tarehe hizo bega kwa bega. Mkoa wa Rumonge uliundwa mwaka 2015, miaka saba baada ya sensa ya mwisho. Mkoa huo ulifutwa kwa sheria ya Machi 2023, miaka kumi na mitano baada ya sensa ile ile, na zaidi ya mwaka mmoja kabla makarani wa sensa mpya hawajabisha hodi kwenye mlango wa kwanza.

Maana yake ni kwamba mipaka ya nchi ilichorwa kwanza, watu wakahesabiwa baadaye. Mshonaji alikata kitambaa, kisha ndipo akatafuta futi ampime mteja.

Hatusemi kwamba kupunguza mikoa ni kosa. Mikoa 18 kwa nchi ndogo kama yetu ilikuwa mingi. Kila mkoa ulitaka gavana, washauri, magari, walinzi na mafuta. Hoja ya serikali kwamba tarafa chache zenye nguvu zinaweza kufanya kazi kuliko tarafa nyingi zenye njaa ni hoja ya maana, na tumewasikia hata baadhi ya wapinzani wakiikubali faraghani. Anayepinga kila kitu kwa kuwa kimetoka serikalini hamsaidii mwananchi.

Wala hatuna ugomvi na Makamba. Watu wa Makamba ni ndugu zetu, wamekimbia nasi na wamerudi nasi. Ukitazama ramani ya Burunga, utaona kwamba mtu wa Rutana anaifikia Makamba kwa urahisi kuliko kushuka mpaka ziwani. Yawezekana kabisa kwamba Makamba ni chaguo zuri. Lakini uzuri wake haukuonyeshwa kwa mwananchi. Hakuna aliyesimama sokoni Rumonge akasema: tumeangalia idadi ya watu, tumeangalia masafa, tumeangalia barabara, mahakama na hospitali, na kwa sababu hizi tatu au nne tumeona hivi. Mtu mzima huelezwa sababu. Asiyeelezwa sababu hutafuta yake mwenyewe, na kwetu Burundi sababu za kutafuta gizani zimekwisha kutugharimu sana.

Tuje kwenye mambo ambayo mwenye Rumonge anayajua bila kuambiwa na mwandishi.

La kwanza ni ardhi. Rumonge si mahali pa kawaida katika suala hili. Aprili 1972 maasi yalianzia huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa, na kisasi cha jeshi kikafuata nchi nzima na kuua Wahutu kwa makumi ya maelfu. Walionusurika walivuka ziwa na mpaka kwenda Tanzania, wakaanza maisha Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba yalichukuliwa, mengine yakagawiwa, mengine yakapandwa michikichi.

Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Kuanzia 2008 makumi ya maelfu wakarejea, wakiwa na watoto na wajukuu waliozaliwa Tanzania na wanaozungumza Kiswahili kuliko Kirundi. Wakakuta watu wengine ndani ya mashamba yao, na wengi wa watu hao nao walikuwa na karatasi zao. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ikaamua hivi, ikaamua vile, ikabadilisha mwelekeo, na uamuzi mmoja ukaja kubatilishwa na mwingine.

Kesi hizi hazijaisha. Mjane mwenye kesi ya shamba anahitaji kujua faili lake liko katika kabati gani na mji gani. Kabla ya 2015 njia ya mambo ya mkoa ilikuwa Bururi. Kisha ikawa Rumonge, mwendo wa miguu kwa aliye mjini. Sasa neno la mkoa linatoka Makamba, safari ya kufuata mwambao hadi Nyanza-Lac kisha kupanda mlima. Na hii ni nchi ambayo kwa miaka kadhaa tangu 2021 wenye magari wamelala kwenye foleni za petroli na nauli imepanda bila kuuliza mtu. Kwa mwenye kipato cha mawese ya debe mbili, safari ya kwenda kuuliza faili na kuambiwa arudi wiki ijayo ni hasara ya mwezi.

La pili ni ziwa. Tangu 2020 maji ya Tanganyika yamepanda na kula fukwe, na mwaka 2024 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Aprili ya mwaka huo serikali pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa kimataifa. Tulizoea kuona picha za Gatumba, lakini Rumonge nao ulilowa. Nyumba za kando ya maji zilibaki mapaa, wavuvi wakahamisha familia na kuanza kupanga vyumba kwa watu. Mji ambao watu wake wanahamishwa na maji ndio unaohitaji kuliko wote kujua una watu wangapi na wanalala wapi. Hesabu ya 2008 haiwezi kumsaidia mtu aliyefurikwa na maji miaka kumi na sita baadaye.

La tatu ni wageni. Rumonge unatazamana na Kongo. Kila Fizi au Uvira kunapolia risasi, boti zinaonekana upande wetu. Januari 2018 zilikuja na maelfu ya watu katika siku chache. Rumonge umewapokea kama ulivyopokewa wenyewe na Kigoma. Watu hawa wanakunywa maji ya mabomba yale yale, wanatibiwa hospitali ile ile, na watoto wao wanakaa kwenye madawati yale yale, ingawa katika daftari la mipango mji bado ni ule wa watu 36,000.

La nne ni fedha. Miaka iliyopita serikali ilianza kuipa kila tarafa faranga milioni 500 kwa mwaka kwa ajili ya maendeleo. Mpango ulikuwa mzuri, na shule na masoko kadhaa yamejengwa kwa fedha hizo. Lakini kiasi kilikuwa kimoja kwa tarafa kubwa na ndogo, yenye mji na isiyo na mji. Ukigawa sahani moja kwa nyumba ya watu watatu na sahani moja kwa nyumba ya watu kumi, hujagawa sawa hata kama sahani zinalingana. Sasa tarafa ni 42 na ni kubwa. Kama fedha zitaendelea kugawiwa kwa kuhesabu tarafa badala ya kuhesabu watu, Rumonge na miji mingine iliyomezwa itaumia mara mbili.

Na si Rumonge peke yake. Karuzi, Muramvya na Mwaro zimeingia Gitega. Kayanza na Kirundo zimeingia Butanyerera ambayo makao yake ni Ngozi. Muyinga na Ruyigi zimewekwa Buhumuza chini ya Cankuzo. Bururi wenyewe, uliokuwa ukitawala Rumonge na uliotoa marais watatu wa kijeshi, leo uko chini ya Makamba pamoja na Rumonge. Anayetaka kucheka na acheke, lakini mwalimu, muuza chai na mwenye gesti mjini Bururi hawakuwa marais, na wao ndio wanaohesabu wateja waliopungua ofisi zinapofungwa.

Mji mdogo wa mkoa huishi kwa ofisi. Karani akilipwa mshahara ananunua mkaa, anapanga nyumba, anashona suti ya harusi, anakunywa chai asubuhi kabla ya kazi. Mwenye kesi anakula mgahawani na kulala gesti. Ofisi ya mkoa ikiondoka haiondoki peke yake. Bora Rumonge una ziwa na mawese wa kuuegemea. Mwaro una nini?

Wasomaji wetu walioko nje wana kisa chao katika jambo hili, na wametuandikia. Mtu amejaza fomu za uhamiaji ugenini: mkoa wa kuzaliwa, Bururi. Mdogo wake aliyefuata baadaye ana cheti kilichoandikwa Rumonge. Sasa mama yao anaomba karatasi nyumbani ili aungane nao, na karatasi inatoka imeandikwa Burunga. Afisa wa uhamiaji katika nchi ya watu hajui historia ya mipaka ya Burundi na halipwi kuijua. Anachoona ni familia moja yenye mikoa mitatu, na anauliza nani anadanganya.

Hakuna anayedanganya. Ni mji mmoja. Lakini jaribu kueleza hilo kwa lugha ya kujifunza ukubwani, mbele ya mtu anayetazama saa. Serikali inayobadilisha majina ya mikoa ina wajibu wa kuweka hadharani jedwali rahisi, lenye muhuri, linaloonyesha jina la zamani na jina jipya la kila tarafa, ili balozi zake zilitoe kwa kila anayeliomba. Ni kazi ya siku chache kwa karani mmoja makini, na ingeokoa familia nyingi.

Hapa tunalazimika kusema jambo linalotugusa wenyewe. Sensa ya 2024 ilihesabu waliomo nchini. Sisi tulioko nje hatumo. Hatumo tuliotoka 2015, wala hawamo waliotoka 1972, ambao zaidi ya 162,000 walipewa uraia na Tanzania mwaka 2014, na maelfu wengine walipokewa Marekani kuanzia mwaka 2007. Hilo ni la kawaida katika sensa na hatulalamiki. Lakini mji kama Rumonge ni mji wa watu wanaoondoka na kurudi. Nusu ya mapaa ya bati katika mitaa fulani yameezekwa kwa fedha zilizotumwa kutoka nje. Anayepanga mji huo bila kukumbuka kwamba siku moja watu watarudi, kama walivyorudi 2008, anapanga ugomvi mwingine wa ardhi.

Tutazame majirani, si kwa kuwasifu bure, bali kujifunza. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayosema wazi mji uwe na nini ili uitwe mji mdogo, manispaa au jiji. Baada ya kurekebishwa mwaka 2019, jiji linatakiwa kuwa na wakazi wasiopungua 250,000, manispaa 50,000. Sensa ya Kenya ya 2019 iliipa Nakuru zaidi ya watu 570,000, na Desemba 2021 Nakuru ikatangazwa jiji. Eldoret ikafuata Agosti 2024. Unaweza kubishana na Wakenya juu ya siasa zilizokuwa nyuma ya matangazo hayo, na wao wenyewe wanabishana, lakini kiwango kimeandikwa na kila mtu anaweza kukisoma. Tanzania nayo ilipomaliza sensa ya 2022 ilitoa idadi ya watu hadi ngazi ya kata, hivyo diwani wa kata ya mbali anaweza kusimama barazani na kusema, watu wangu ni hawa, zahanati yangu iko wapi?

Tuwe wakweli kwa nafsi zetu. Kwa kipimo hicho cha Kenya, Rumonge wa 2008 usingefika hata manispaa. Sisi hatudai Rumonge uitwe jiji. Wala hatudai kwamba idadi ya watu peke yake ndiyo iamue. Gitega ulikuwa na watu 42,000 tu katika sensa ile, lakini Januari 2019 Bunge liliufanya mji mkuu wa kisiasa kwa hoja kwamba uko katikati ya nchi na una historia ya ufalme. Ni hoja inayoeleweka. Ila mwezi uliofuata, Februari 2019, ikulu mpya iliyojengwa na China ilikabidhiwa Gasenyi, nje kidogo ya Bujumbura. Mji mmoja ulipewa jina, mwingine ukapewa jengo. Hayo ndiyo yanayotokea cheo kinapotolewa kwa tamko na mipango ikafuata njia yake.

Rumonge nao ulipewa jina mwaka 2015. Kisha jina likachukuliwa. Swali letu ni hili: katika miaka ile kumi, mji ulipata nini ambacho hakiwezi kuchukuliwa? Bomba la maji halishushwi cheo. Barabara ya mtaani iliyowekwa mawe haihamishiwi Makamba. Wodi ya wazazi haifutwi kwa sheria ya Machi 2023. Viongozi wetu, wa mkoa na wa tarafa, wapimwe kwa vitu vya namna hiyo. Na wakazi wa Rumonge, badala ya kulilia gavana aliyeondoka, wana haki ya kuuliza ni kipi alichokiacha.

Kwa hiyo tunasema mambo manne, na tunayasema kwa heshima.

Kwanza, matokeo ya sensa ya 2024 yawekwe mbele ya wananchi mtaa kwa mtaa na kilima kwa kilima, kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, mahali ambapo mwenye simu ya kawaida anaweza kuyafikia. Wananchi walikaa majumbani kuwangoja makarani. Hesabu hiyo ni yao.

Pili, serikali iandike vigezo vya mji: watu wangapi, huduma gani, masafa gani. Vigezo vikishaandikwa, mipaka ya 2023 ipimwe navyo. Palipo sawa pabaki, palipopinda panyooshwe. Sheria iliyopitishwa kabla ya hesabu inaweza kuangaliwa tena baada ya hesabu bila mtu yeyote kuona haya.

Tatu, huduma zibaki karibu na watu hata kama gavana amehama. Mahakama, hospitali, ofisi ya hati za ardhi na ofisi ya vitambulisho katika miji iliyopoteza makao ya mkoa zisifuate gari la gavana. Hasa kesi za ardhi za kusini ziendelee kusikilizwa pale pale shamba lilipo, ambako mashahidi wazee bado wapo. Wazee hao hawataishi milele, na safari ya Makamba haiwaongezei siku.

Nne, fedha za tarafa zigawiwe kwa kuangalia idadi ya watu na hali zao, si kwa kuhesabu vibao vya ofisi.

Watakuwapo watakaotuambia kwamba tuliokimbia hatuna haki ya kusema juu ya mji tusioulala. Tumelisikia neno hilo miaka mingi na limetuzoea kama tulivyolizoea. Jibu letu ni fupi. Mama zetu wanalala huko. Makaburi ya baba zetu yako huko. Fedha tunazotuma kila mwisho wa mwezi zinapokelewa huko, na hakuna ofisi ya serikali iliyowahi kuzikataa kwa kuwa zimetoka kwa mtu aliye nje.

Yule mtoto wa 2010 siku moja atakwenda kuchukua kitambulisho chake. Tunamwombea asikutane na mkoa wa nne. Lakini kuliko hilo, tunamwombea akifika kwenye meza ya karani, aulizwe jina na mtaa, karani afungue daftari, na alikute jina lake limo, limehesabiwa, kabla mtu mwingine hajaamua ni wa wapi.